Mchanga wa Sele Oili

...maana zulia halisimami, hilo ndilo la kwanza na ndilo la mwisho, ukishaliondoa pale mpira ulipo unakwenda nalo mpaka shimoni bila kusita, hatua fupi, kamba imekaza, mgongo umenyooka, siafu akikupanda mguuni muache apande, ndivyo Baba alivyokuwa akisema na ndivyo Hasina anavyofanya sasa, saa tisa na robo alasiri ya Jumapili, shimo la kumi na nane, siku ya mwisho ya shindano la mwisho la msimu wa gofu, anaburuza kipande cha zulia kuukuu kilichopigiliwa kwenye ubao, na nyuma yake mchanga mweusi unalala kama nywele zilizochanwa zikakubali, kwa sababu huku kwenye kiwanja cha shamba la mkonge hakuna majani laini ya kumalizia kama ya Nakuru au Kigali, majani yanataka maji, maji yanataka pampu, pampu inataka mtu wa kujali, huku kuna brauni, duara la mchanga wa mtoni uliokandwa kwa oili chafu ya matrekta, shimo katikati, na kabla mchezaji hajausukuma mpira wake sheria ya hapa inampa hisani moja tu, kedi wake, mbeba mikoba yake, ampigie njia kwa zulia, mara moja, kwenda tu, kurudi hakuna, kugusa tena hakuna... hatua nane kutoka mpira mpaka shimo, hii ya kwanza, hii ya pili, na digrii ya takwimu kabatini nyumbani Mabawa ndani ya bahasha ya kaki, upper second, mama yake aliipaka nailoni kwa pasi ili isiingiwe na mende, mende wasisome, maana nchi hii hata mende akisoma atakosa pa kwenda, atajitolea miezi sita bila nauli ya kutambaa... taratibu, mwanamke, taratibu, kamba imelegea kidogo, kaza.

Mjomba Msafiri amewapa wote mgongo, ameshauokota mpira wake na kuacha sarafu pale ulipokuwa, anaufuta kwa pindo la taulo kama anayempangusa mtoto kamasi, hataki kuona njia ikipigwa, msimu mzima ilikuwa hivyo hata kule kwenye majani ambako njia haipigwi, akimwachia Hasina asome mwinuko yeye anatazama pembeni, anasema ni sawa na bwana harusi kuchungulia bibi harusi akisingwa, utaona kabla ya wakati na utaharibu, haya basi, uncle yangu huyo, mdogo wa mama, mwenye miaka arobaini na minne, aliyebeba mikoba ya wazungu wa mkonge hapahapa kabla hajashika fimbo yake mwenyewe, Mdigo wa Maramba asiyejua kukasirika, na hesabu yake leo ni nyepesi hata mwenye digrii ya porojo angeiweza: kwenye orodha ya msimu Msafiri ni wa kumi na tano, kumi na tano wa kwanza wanarudi mwakani moja kwa moja, wa kumi na sita ni Eliudi wa Nairobi, yule pale kando mwenye kofia ya kijani, ameshamaliza shimo lake na ameegemea fimbo akingoja ajue ale furaha au ale moyo wake, kutoka hapa mikwaju miwili Msafiri anabaki, mitatu Eliudi anapanda na Msafiri anatupwa kwenye mchujo wa Januari na vijana wa miaka ishirini wenye migongo ya mpira, na mgongo wa Msafiri si wa mpira tena, anajua, anajua kwamba Hasina anajua, hawajalisema... hatua ya tatu.

Eliudi mwenyewe si mbaya, hilo ndilo linaloudhi, ingekuwa raha kumchukia, alipofika kwenye brauni ya kwanza Alhamisi alichuchumaa akaugusa mchanga kwa kidole, akakinusa, akasema hii si green, siz, hii ni chapati imemwagiwa mafuta ya transfoma, na Hasina alicheka kabla hajajizuia, akamjibu kwamba chapati hii imelisha watu na wewe huko kwenu mnakula nyasi, akacheka naye, tangu hapo kila shimo utani, Mkenya na Mtanzania, nani kamwibia nani mlima... na hatua ya tatu na nusu, usiwaze ya Eliudi, waza oili, jua la saa tisa limeipandisha juu, mchanga wa juu umelainika, mpira utalemewa, mjomba lazima ausukume zaidi ya anavyodhani, hilo hakulisoma chuoni, hilo lilikuja lenyewe kupitia nyayo, kupitia pua, harufu hii, ya Rabbi, harufu hii ambayo ilikuwa kwenye shuka, kwenye mswala, kwenye daftari za shule, Baba akirudi jioni anasimama uani mama anammwagia maji na sabuni ya unga, mikono anaisugua kwa majivu, kucha zinabaki nyeusi, miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa hii, madebe ya mchanga na galoni za oili, anakoroga kwa koleo, anauchukua mkononi, anaufinya, ukifinywa ubaki ngumi, ukipulizwa uachane, hapo umeiva, binti yangu, njoo upulize, naye alikuwa anapuliza, alikuwa darasa la pili na alikuwa anapuliza kwa furaha, aibu ilikuja baadaye, aibu haizaliwi na mtu, inaletwa na wenzake, ilikuja sekondari siku ya wazazi, Baba kaja na kanzu nyeupe pe na kucha zile, na Hasina akawaambia wasichana wa bwenini kwamba baba yake ni fundi wa magari, ana gereji, Chumbageni, kwa sababu fundi wa magari ananuka oili lakini ananuka oili ya maana, Baba alikuwa hatua mbili nyuma yake, alisikia au hakusikia hajawahi kusema, alimpa tu mfuko wa kashata akauliza daftari zinatosha... hatua ya nne, ya tano, njia imenyooka, mashallah, tazama ilivyonyooka, kama mstari wa—

"Yule si binti wa Sele Oili?" mwanamke mmoja nyuma ya kamba, sauti ya sokoni, haijui kunong'ona. Na mwenzake: "Ndiye. Kasoma mpaka chuo kikuu huyo. Mtazame alipofikia, anaburuza zulia."

...na ndipo Hasina aliposimama. Si kwamba aliamua, miguu ilisimama yenyewe, shingo ikageuka yenyewe, ulimi ulishapanda kwenye meno ukiwa na jibu zima limeiva, jibu la kumtoa mtu kilemba, with all due respect, mama, ningependa kukuuliza wanao wameburuza nini, maana miaka minne sasa ulimi huu umekuwa ndio kazi pekee aliyonayo, miaka minne tangu avae joho, usaili wa kwanza watu elfu tatu kwenye ukumbi mmoja kwa nafasi kumi na moja, wakiwa na bahasha za kaki wote, wamekaa chini kama mahujaji waliokosa ndege, usaili wa pili wanataka uzoefu wa miaka mitano kwa mtu aliyemaliza juzi, we regret to inform you, we regret, we regret, wanajuta kwa Kiingereza maana Kiswahili kingewatoa machozi, na kila mahafali mgeni rasmi anapanda jukwaani na tai yake na pua imemwiva kwa kiyoyozi anawaambia vijana mjiajiri, yeye ambaye hajawahi kujiajiri hata kufua, na majirani Mabawa, hujambo mwanangu, bado tu, bado tu, kama wanaouliza ujauzito... yote hayo yalipanda kooni kwa pamoja, na akayameza, akageuka, akavuta kamba, akamaliza hatua zilizobaki mpaka shimoni, akaliinua zulia kwa heshima, akatazama nyuma.

Tuta. Pale aliposimama, hatua tatu kabla ya shimo, mchanga uliokuwa umekusanyika chini ya ubao umebaki umelala kukingama njia, kamstari, kama mkunjo wa shuka, kama kope, hauonekani ukiwa umesimama upande wa mpira, jua linatokea nyuma yake linauficha, anayeuona ni yeye tu aliye upande wa shimo... mpira wa kusukumwa polepole ukifika pale utasita, utayumba, utakwenda kulia au kushoto kama mlevi aliyefika njia panda, mkwaju wa pili hautakuwa wa kumalizia, utakuwa wa kuokoa, na wa tatu, Ya Rabbi, wa tatu ni Eliudi, na mwezi wa Januari, na mgongo wa mjomba. Zulia halisimami. Angekuwa mgeni asingejua, Mganda asingejua, Mnyarwanda asingejua, wote wangesamehewa, lakini yeye, aliyezaliwa ndani ya mchanga huu, aliyeupuliza, yeye ndiye kasimama, na kwa sababu gani, kwa sababu mtu kamwita jina la baba yake.

Mguu. Mguu wake wa kulia uko hatua tatu tu kutoka kwenye tuta, akienda kumwonyesha mjomba njia atapita palepale, raba ya zamani, soli imekwisha, akiburuta kisigino kidogo tu, kidogo, kama mtu aliyechoka, na nani asiyechoka baada ya siku nne kwenye jua la Tanga, tuta limekwisha, hakuna aliyeona, Bwana Khozema mwamuzi yuko pale na kofia yake nyeupe ya uzi wa dhahabu na karatasi zake, lakini anatazama saa, dukani kwake anatazama saa, msikitini saa, anasema bibie, wakati, tafadhali, kwa ile sauti yake ya upole kama anayeuza kitambaa, hakuona, Eliudi anatazama angani anaomba au anajizuia kuomba... aliyeona ni mmoja tu. Baba. Yuko kule nyuma ya kamba kwenye kiti cha plastiki, magoti hayamruhusu kusimama, kaja na bajaji tangu asubuhi, kavaa koti, joto lote hili kavaa koti kwa sababu ni fainali, na Hasina anamtazama, hakutaka kumtazama lakini kamtazama, na anaona kwamba Baba ameona, angekosaje kuona, mchanga huu anaujua hata gizani, na anachofanya Baba ni kushusha kofia mpaka puani na kuinamisha uso chini kwenye viatu vyake, haraka, kabisa, kama mtu aliyechungulia bafu la wenyewe kwa bahati mbaya... na Hasina anaelewa, inamchukua pumzi moja kuelewa, hajaona haya, hajamkasirikia, ni sheria, mtazamaji hamsaidii mchezaji hata kwa jicho, Sele Oili hakuwahi kushika fimbo maisha yake yote lakini sheria anazijua kuliko kamati, na asingekubali mtu yeyote aseme kesho kwamba binti yake alisaidiwa. Akisikia kisigino kimepita pale atajua. Atainua kofia, ataona mchanga umenyooka kimiujiza, atajua, na atamuuliza tu kama amekula.

Kisigino kikabaki kilipokuwa.

...alisikia. Siku ile bwenini, alisikia, bila shaka alisikia, hatua mbili nyuma, na kashata akampa, miaka kumi na tatu amekaa na jambo lile kifuani akilifinya kama mchanga, halikugeuka ngumi, aliachana nalo kwa pumzi moja, na Hasina hajawahi kumwambia samahani wala asante, amekuwa na shughuli, amekuwa na hasira, hasira ni ajira ya kutwa... na mjomba naye, Januari iliyopita, alipofika Mabawa jioni na kukaa ukumbini na kikombe cha chai, Hasina alimngoja aseme lile wanalosema wote, mwanangu jiajiri, fuga kuku, fungua saluni, alikuwa na jibu tayari, na mjomba hakulisema, alisema amepita mchujo wa ziara ya Afrika Mashariki, miji sita, msimu mzima, anatafuta kedi, makedi anaowajua wote wanamwambia ndiyo mjomba, sawa mjomba, hata akiwa anakwenda kujitosa kwenye bwawa, "Nataka mtu wa kunibishia, mama. Nikaulizia mji mzima nani mbishi, wote wakakutaja wewe." Miaka minne ya usaili, hakuna hata meza moja iliyompenda kwa ulimi wake, walimwambia ajifunze kuwa humble, na huyu kaja kuufuata, kauulizia, kama mtu anayeulizia dawa ya kienyeji... na basi wakaenda, Nakuru kwenye baridi ile ambayo vidole vya mjomba viligoma akawa anaikumbatia chupa ya chai ya tangawizi kati ya shimo na shimo, Jinja ambako kiboko alikuwa amepita usiku na nyayo zake zimejaa maji na mjomba akausalimia unyayo, shikamoo, Kigali walikotolewa kwa mkwaju mmoja naye Hasina akamsema mjomba kituo cha basi, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kidigo cha kuokota, mpaka polisi msafi wa kule akaja kuuliza kwa adabu kama kuna tatizo la ndoa, mjomba akacheka akakaa chini barabarani, barabara yenyewe safi kuliko sahani, Arusha, Moshi, na lile daftari lake, vipimo vyote, kila mpira aliousukuma, umbali, upande aliokosea, saa, na ni yeye, Hasina, si kocha, si mzungu, aliyegundua kwamba mjomba akiwa na njaa mpira unakwenda kushoto, hesabu ilikubali, mashimo mia mbili na arobaini hesabu ilikubali, tangu hapo mayai ya kuchemsha mfukoni, kashata mfukoni, na mjomba kutoka nafasi ya thelathini na moja akaja hapa kumi na tano, kwenye mtandao Hasina aliandika performance analyst ili watu wa darasa lake wasicheke, na kumbe ndicho alichokuwa, hakuna uongo, ndicho hasa alichokuwa, asubuhi anaamka anajua leo anatakiwa wapi, lini mara ya mwisho aliamka hivyo, alhamdulillahi, neno limemtoka bila kulialika, kwa midomo mikavu, alhamdulillahi kwa baridi ya Nakuru, kwa unyayo wa kiboko, kwa harufu hii hata, kwa harufu hii, kama leo ndiyo mwisho basi ilikuwepo, hakuna mgeni rasmi wa kuja kuifuta.

"Bibie," anasema Bwana Khozema.

Anakwenda kwa mjomba. Anazunguka kwa nje, mbali na njia, hatua ndefu za kuinua miguu ili kila mtu aone kwamba miguu imeinuliwa, anachuchumaa kando yake pale penye sarafu, mjomba anauweka mpira, anaiondoa sarafu, ananuka jasho na tangawizi, na maneno yanatoka kabla hajayapanga, yeye anayepanga maneno kama risasi.

"Mjomba, nimesimama. Hatua tatu kabla ya shimo kuna tuta. Ni mimi."

Sasa atatukana, ana haki, hajawahi kutukana lakini kila kitu kina siku yake... mjomba anakodoa jicho kufuata njia, haoni kitu, jua, anainamisha kichwa mpaka shavu karibu liguse mchanga.

"Kubwa?"

"Nusu ya ukucha."

"Wangu au wako?"

"Wangu."

"Ah." Anainuka, goti linalia. "Basi mpira ukifika polepole utalewa pale. Lazima ufike na nguvu, upande, uvuke, na ukikosa shimo uende mbali."

"Ukienda mbali ni mitatu, mjomba."

"Ukilewa pia ni mitatu." Anashika fimbo, anaiweka chini, anaishika tena, na anasema kwa sauti ya chini ambayo Eliudi hawezi kuisikia, macho kwenye mpira: "Tatizo langu unalijua, lipo kwenye daftari lako. Sijui kupiga kwa nguvu nikiwa karibu. Naona huruma. Wewe una hasira za mji mzima, mama. Niazime."

...na Hasina, bado amechuchumaa, magoti mchangani, anaingia ndani kumtafutia, kwa moyo safi kabisa anaingia kumtafutia, maana kama kuna kitu ghala lake halijawahi kupungukiwa ni hicho, anamtafuta mgeni rasmi na pua yake iliyoiva, yupo lakini amekuwa mdogo, mzee tu mwenye tai, anatafuta we regret, anatafuta ukumbi wa watu elfu tatu, anawaona wamekaa na bahasha zao na anachokiona ni shingo zao, shingo nyembamba za watoto wa watu, anamtafuta mwanamke wa nyuma ya kamba, yule ndiye wa karibu, yule ndiye mbichi, na anasikia tu sauti ikisema binti wa Sele Oili, na sauti haimchomi, inamwita, ni kama kuitwa kwa jina kamili darasani siku ya kutangaza matokeo, ndiye, ndimi, nipo... anapekua mpaka chini kabisa, kona ile ya miaka minne, na kule chini hakuna jiwe lolote la kumpa mjomba, kuna mzee aliyevaa koti juani ameshusha kofia puani anangoja kusikia tu mlio wa mpira, na mbele yake kuna mtu wa miaka arobaini na minne amesimama na fimbo, mkono wa kushoto umenyooshwa nyuma kidogo, kiganja wazi, anangoja aazimwe, na mpira bado haujasukumwa, na Hasina hana hasira, ametafuta, wallahi hana, anachukua kiganja kile anakifinya, kwa nguvu, kwa nguvu zote alizonazo, mpaka mjomba anageuka kumtazama.